Ngiri Mwenye Miguu Mirefu

Mmenikalisha tena. Mkono umepinda kama kulabu, herufi zenyewe nilifundishwa ukubwani na mtawa asiye na subira, na bado mnataka niwaandikie vita vya Navas, vile vya wafalme watatu wa Kikristo na Khalifa, kana kwamba siku ile nilikuwa nimepakiwa kwenye farasi wa mfalme. Wafalme wana makarani wao, wanalishwa kwa kazi hiyo. Wakitaka kusifiwa, wasifiwe huko. Mimi nitaandika habari za shangazi yangu Velasquita, mjane wa Fuentelosa, aliyekwenda vitani na nyumbu sita na ulimi mmoja. Anayetafuta wafalme aiweke karatasi hii chini sasa hivi.

Velasquita alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, sauti yake ikisikika ng'ambo ya bonde. Mumewe alipokufa kwa homa alimwachia nyumbu wa kubebea mizigo, wale ambao baba yao ni punda na mama yao ni farasi, na ukaidi wameurithi pande zote mbili. Watu wakadhani atawauza. Hakuuza hata kwato. Alibeba unga, akabeba chumvi, akabeba divai kuvuka milima, na mwanamume aliyejaribu kumpunja mara moja hakurudia.

Sasa, majira ya baridi kabla ya vita, panya waliingia kwenye kasha la kanisa wakaitafuna bendera ya mji wetu. Bendera yetu ina ngiri mweusi kwenye kitambaa cheupe, tangu mababu. Wazee wa baraza wakatafuta mtu wa kushona mpya. Velasquita akasema, "Nileteeni kitambaa. Mimi nashona matandiko ya nyumbu, nitashindwa na ngiri?"

Akamshona. Kichwa kilitoka kizuri, manyoya ya mgongoni yamesimama vizuri. Lakini miguu! Alimpa ngiri yule miguu mirefu, myembamba, ya kukimbia. Alipoitundika kwenye kamba mahali pa kufulia, wanawake wakaacha nguo majini.

"Velasquita, mbwa wa nani huyo?"

"Mbwa ni mumeo. Huyu ni ngiri."

"Ngiri gani ana miguu ya farasi?"

"Ngiri anayekwenda vitani. Mlitaka aende na vijiguu vya kuchimba matope?"

Hata mdogo wake Yagüe, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuibeba bendera, na ambaye ni baba yangu mzazi, alimwendea jioni kwa upole. "Dada, punguza kidogo tu. Watu wanacheka."

"Nikianza kupunguza miguu nitaanza na yako."

Akaacha. Nani angebishana naye? Bendera ikabaki vile vile.

Siku ya kuondoka, hakimu wetu Blasco Muñoz, mzee mkavu mwenye nyusi nene, alimkabidhi Yagüe bendera mlangoni mwa kanisa na kutamka sheria ya mji mbele ya watu wote. Mbeba bendera akiitoa bendera vitani kabla vita havijaisha, nyumba yake inabomolewa mpaka jiwe la kizingiti, naye na watu wake wanatoka Fuentelosa bila kugeuka nyuma. Mama yangu Mencía alikuwa amesimama pale na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ni mimi. Kwa hiyo mnapoona ninavyoandika kwa hasira, mjue kilichokuwa kinazungumzwa ni paa langu.

Viriba vya maji alivishona jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Farach fundi wa ngozi, Muislamu, kama walivyo wengi katika mtaa wetu wa chini. Velasquita, aliyepewa kazi ya kuwabebea watu wetu maji, alikwenda kuvichukua.

"Bwana Farach, sisi tunakwenda kupigana na jeshi la Khalifa. Wewe utamwombea nani?"

Farach akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Nitawaombea wenye kiu. Mungu anawajua wako upande gani."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo, mama. Shika. Mshono huo hautavuja hata ukikanyagwa na nyumbu."

Na haukuvuja.

Basi wakashuka kusini, watu wa miji yote, wafalme watatu mbele na vumbi nyuma. Kulikuwa na Wafaransa wengi na watu wengine wa ng'ambo ya milima, wamekuja na vyuma vinavyong'aa na farasi wakubwa kama maghala. Jua la mwezi wa saba lilipowashika vizuri, wengi wao wakageuza farasi wakarudi makwao. Vijana wa Fuentelosa wakawasindikiza kwa kelele: "Haya, kimbieni, jua linawafuata! Msisahau kofia!" Velasquita hakucheka. Alikuwa anahesabu midomo iliyobaki na maji aliyonayo.

Siku mbili walikaa juu kwenye uwanda wa mlima, wakiwatazama wenzao wa upande wa pili. Na wale walikuwa wengi, jamani. Mahema yalifunika kilima chote, na juu kabisa hema jekundu la Khalifa, limezungushiwa minyororo na watu walioapa kutotoka hapo wakiwa hai. Ngoma zao zilikuwa kubwa kiasi kwamba zikipigwa, Velasquita alisema, dengu zilicheza kwenye sufuria.

Jumatatu asubuhi vita vikaanza. Kwanza alikwenda mbele yule bwana mkubwa wa kaskazini, mwenye bendera ya mbwa mwitu wawili weusi kwenye kitambaa cheupe. Yeye ndiye aliyepewa kuvunja njia. Nyuma yake wakapanda watu wa miji, kwa miguu, mkuki na ngao ya ngozi, na katikati yao Yagüe na ngiri wake. Velasquita alibaki kwenye mteremko na nyumbu wake. Kazi yake ilikuwa kushuka kijitoni, kujaza viriba, kupanda, kunywesha majeruhi, kushuka tena. Tangu asubuhi hadi jua linafika utosini alishuka na kupanda mara saba, na kila akipanda kelele zilikuwa zimeongezeka. Chuma juu ya chuma! Farasi wanalia! Mishale inaruka mpaka unadhani kundi la ndege limetishwa! Aliniambia hakuogopa. Alisema damu ilikuwa inamchemka mpaka kwenye vidole, akawa anawaimbia nyumbu.

Hapo lazima niwaeleze jambo moja, maana ninyi wa siku hizi mnavuna kila mtu na shamba lake. Zamani Fuentelosa tulivuna mashamba ya mji pamoja, na bendera ilikwenda shambani. Ilichomekwa ukingoni. Jua likifika utosini, mbeba bendera aliing'oa akaipeleka kivulini, kwenye mkate na maji, na kila aliyeiona inaondoka aliweka mundu chini akafuata. Hakuna aliyeita, hakuna aliyeuliza. Watu wetu walifanya hivyo tangu wanatambaa. Miguu yao ilijua kazi hiyo kuliko vichwa vyao.

Jua likafika utosini. Velasquita akainua macho kutoka kwa majeruhi mmoja aliyekuwa anamnywesha, akaona ngiri anateremka.

Kwanza hakuamini. Akafuta jasho machoni. Ni yeye! Bendera inatoka kwenye vumbi, inayumba, inashuka mteremko moja kwa moja kuelekea kwenye nyumbu. Na nyuma yake, taratibu, mkuki begani, ngao mgongoni, watu mia mbili wa Fuentelosa wamejipanga kama wanakwenda kula. Mmoja alikuwa anajipangusa mikono kwenye nguo!

Kabla hajafungua mdomo, akasikia sauti upande wa kushoto. Bwana mmoja mwenye ndevu nyekundu, juu ya farasi anayechechemea, alikuwa ameinuka kwenye tandiko akionyesha kidole.

"Mbwa mwitu! Ile bendera ya mbwa mwitu inarudi! Bwana mkubwa amekimbia!"

Kitambaa cheupe, mnyama mweusi, miguu mirefu inayokimbia, kimekunjwa na upepo na kujaa vumbi. Nani angesema ni ngiri? Neno likapokelewa. "Mbwa mwitu wamekimbia! Mbele kumevunjika!" Watu wa mji jirani wakaanza kutazamana. Wa nyuma wakapiga hatua moja nyuma. Halafu mbili. Velasquita aliona mstari mzima wa watu ukilegea kama kamba iliyokatwa upande mmoja. Huko juu waliobaki wangechinjwa. Huku chini nyumba ya mdogo wake ilikuwa imeanza kubomoka, jiwe kwa jiwe, kwa kila hatua anayopiga.

Akatupa kiriba akakimbia.

"Yagüe! Unakwenda wapi na hiyo bendera?"

Yagüe alisimama. Chapeo yake ilikuwa imebonyea upande mmoja, damu imemjaa macho yote mawili, na meno yamekauka. "Dada? Ni wewe? Kuna maji?"

"Nakuuliza unakwenda wapi!"

"Mbele. Nakwenda mbele. Sioni vizuri."

"Mbele iko nyuma yako, maskini! Umegeuka!"

Yagüe aliposikia hilo, mkono wake ulikaza mti wa bendera mpaka kucha zikawa nyeupe. "Nyumba yangu," akasema. "Mencía."

"Nyamaza." Akawageukia wale mia mbili. "Na ninyi? Mmetoka wapi?"

Jitu moja lililoitwa Gómez, mkata miti, likajikuna shingo. "Si bendera imeondoka, mama? Tukajua mchana umefika."

"Mchana! Mnavuna ngano hapa? Mnaona mundu? Wale kule juu wanawapigia ngoma mle chakula?"

Watu wakatazama mikuki yao kama wameiona mara ya kwanza. Mtu akasema, "Ala!" Mwingine akasema neno ambalo mtawa aliyenifundisha hakunifundisha kuliandika.

"Tunarudi," Gómez akasema. "Lakini maji kwanza, mama. Ulimi umeshikana na kaakaa."

"Hakuna maji hapa."

"Si hayo kwenye nyumbu?"

"Haya ni ya watu wanaopigana." Akamchapa nyumbu wa mbele matakoni. "Hiyaa! Panda!" Na nyumbu sita, viriba vinatikisika, wakaanza kupanda mteremko kuelekea kwenye ngoma. "Anayetaka kunywa ayafuate!"

Wakayafuata, bila shaka! Watu mia mbili wenye kiu, nyuma ya maji yanayotembea! Velasquita akamshika Yagüe mkanda kwa nyuma, akamgeuza, akamsukuma. "Bendera ibaki mkononi mwako. Miguu niachie mimi. Inua! Juu zaidi!"

Lakini wa miji mingine walikuwa bado wanarudi nyuma, na yule mwenye ndevu nyekundu bado anapiga kelele. Velasquita akampigia yowe akiwa huko huko alipo, anasukuma:

"Wee bwana! Funga mdomo! Huyu si mbwa mwitu, ni ngiri wa Fuentelosa!"

"Mwanamke, nina macho! Ngiri hana miguu hiyo!"

"Mtazame meno!"

"Nimetazama miguu!"

Watu wakazidi kulegea. Maneno ya mbeba maji yangemshinda nani, mbele ya bwana wa farasi? Na hapo ndipo shangazi yangu alipofanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na alizika mume na watoto wawili. Alimwacha Yagüe amesimama, akapanda juu ya jiwe, akavuta pumzi, na kwa ile sauti ya kuvuka bonde akasema:

"Nimekosea mimi! Mimi Velasquita wa Fuentelosa! Ni ngiri, nilimshona mimi, na nilimshona vibaya! Miguu ni mirefu! Niliambiwa, nikakataa! Mnasikia? Nilikosea miguu!"

Kisha mtu wa mji jirani, mchuma zabibu mmoja mwenye pua iliyovunjika, akaangua kicheko. "Nawajua hawa! Hawa ni Fuentelosa, wanaokula unga uliochachuka! Ni ngiri wao kweli, mtazameni, maskini, kama mbwa mgonjwa!" Kicheko kikaruka kutoka mtu hadi mtu kwa kasi ileile ambayo neno la kukimbia lilikuwa limeruka nayo. Na vumbi likapasuka kidogo kule juu, kila mtu akaona kwa macho yake: mbwa mwitu wawili, wamechanika, lakini wako mbele kabisa, hawajarudi hata hatua.

"Wako kule!" Gómez akanguruma. "Wako peke yao! Pandeni!"

Wakapanda. Nyumbu mbele, ngiri katikati, miji mitano ikivuta pumzi moja. Velasquita aligawa maji huku anatembea, kiriba kinapita mkono kwa mkono, anayekunywa anakimbia. Aliifikisha bendera pale ilipokuwa asubuhi, akamwosha Yagüe macho kwa maji ya mwisho, akamwonyesha kwa kidole. "Kule ni mbele. Ukigeuka tena nitakuua kabla ya hakimu."

Alasiri wafalme wenyewe waliingia vitani na farasi waliobaki, na jeshi la kilima kile lililokuwa limesimama tangu asubuhi likapasuka. Wale wa minyororo hawakukimbia. Velasquita alisema hivyo mpaka siku ya kufa kwake, na aliyewaita waoga mbele yake aliambiwa atoke nje. Jua likiwa bado linaonekana, jeshi letu lilikuwa limelala kwenye mahema ya wengine.

Kuni hazikuwapo kwenye kilima kile. Walikoka moto kwa mishale. Mafungu kwa mafungu, mikuki pia, na siku mbili nzima walipika kwa mishale tu wala hawakuimaliza. Na hapo, kwenye mwanga wa asubuhi iliyofuata vita, sufuria ya dengu ikitokota, hakimu Blasco Muñoz akakaa juu ya tandiko akamwita Yagüe.

"Bendera iligeuka," akasema. "Sheria unaijua."

Yagüe akaja, kichwa kimefungwa kitambaa. Watu wakasogea. Gómez akaanza kunung'unika, hakimu akamwinulia kidole.

"Sheria haisikii manung'uniko. Bendera ilitoka vitani au haikutoka?"

"Ilitoka," Velasquita akasema, akiendelea kukoroga. "Usihangaike na mashahidi, mzee wangu, nilikuwapo. Ilitoka, na watu mia mbili wakaifuata. Nakumbuka vizuri mpangilio wao. Wa kwanza Gómez. Wa pili yule mfinyanzi. Na wa tatu, kama sikosei, alikuwa ameshatundika ngao mgongoni, anajipangusa mikono kwenye nguo tayari kwa mkate. Mzee mkavu. Nyusi nene."

Hakimu aliutazama moto. Kuna waliogeuka wakakohoa.

"Tukibomoa," Velasquita akaendelea, "tubomoe kwa haki. Nyumba ya aliyeitoa, na nyumba za walioisindikiza. Tuanze na ipi, bwana hakimu? Ya kwako ina mawe mazuri."

Mzee yule alikuwa mkavu lakini hakuwa mjinga. Nyusi zikaanza kutikisika, kisha mabega, na watu wakaelewa kwamba anacheka. "Aliyegeuka ni ngiri," akasema. "Kesi ni ya ngiri. Nahukumu apunguzwe miguu, hapa hapa, na aliyemshona. Nyumba zote zibaki zilivyo."

"Nilishakiri jana," Velasquita akasema kwa ukali. "Mbele ya miji mitano. Sikiri mara mbili."

"Dada," Yagüe akasema. Neno hilo moja tu.

Akamtazama mdogo wake. Akaweka mwiko chini, akatoa sindano kwenye ukosi wake, akakaa karibu na moto wa mishale na bendera mapajani. Alifumua mguu wa mbele, akaufupisha. Akafumua wa pili, akaufupisha. Kisha akakata uzi, akakunja bendera, akamtupia hakimu.

"Bado ya nyuma," hakimu akasema.

"Hiyo ya nyuma ndiyo iliyompandisha mlima. Haiguswi."

Ndiyo maana ngiri wa Fuentelosa mbele ni mfupi na nyuma ni mrefu, kama anayeinama kunywa. Wageni huuliza, na watu wetu hujibu kwa majivuno kwamba ngiri wetu yuko hivyo.

Yagüe alirudi na macho yake yote mawili na nyumba yake ikiwa imesimama. Nilizaliwa ndani yake wiki mbili baadaye, na Velasquita ndiye aliyenipokea. Aliendelea na nyumbu wake miaka ishirini na minne mingine. Alibishana na kila mtu barabarani, na alifia kwenye kitanda cha chumba cha kaskazini cha nyumba hii hii akimwambia padri kwamba amekosea sala.

Chumba hicho sasa kinavuja. Vigae vitatu vimepasuka na mimi siwezi tena kupanda ngazi. Wewe uliyesoma mpaka hapa una magoti mazuri, na nyumba umeshaijua ilivyookolewa. Njoo Jumamosi kabla ya mvua, uje na vigae vyako, maana vya kwangu vimekwisha. Ngazi iko nyuma ya zizi.